Mkono wa Mkuu wa Maegesho

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe 19 Juni 2014, saa tisa na dakika arobaini alasiri, kwenye viwanja vya maonyesho ya kilimo vya Odell Springs, Kansas. Nilikuwa na miaka sitini na saba. Mke wangu Verla alikuwa na sitini na minne. Trela letu la kulalia safarini lilikuwa na arobaini na mitatu, na kwetu lilikuwa na miezi minne tu.

Walioona walikuwa watu arobaini na mmoja. Hawakuwa wapita njia. Walikuja na viti vyao vya kukunja kutoka makwao, wakavipanga mstari, wakakaa kututazama. Ninachokitaka kwao ni jibu la jambo moja tu, nalo nitalifikia. Nalieleza kuanzia mwanzo kwa sababu wakubwa wa chama cha wenye matrela wameshaandika la kwao, limepigwa chapa, limetiwa sahihi.

Mimi shule niliishia darasa la nane. Miaka thelathini na minane nilifanya kazi kwenye maghala ya nafaka, na kule nilijifunza kwamba msimamizi akikosea inaitwa ajali, mfanyakazi akikosea unaitwa uzembe. Verla alipika jikoni mwa shule ya mji wetu miaka ishirini na sita. Kusoma alikuwa anasoma yeye. Barua za bima, za kodi, za daktari, zote alinisomea mezani huku miwani imemteremka puani, na pale pasipomridhisha alisimama akasema, "Hapa wanatuzunguka."

Trela alilipata yeye. Lilikuwa nyuma ya ghala la mama mmoja mjane, limeota nyasi hadi kwenye madirisha. Killdeer, futi ishirini na mbili, la mwaka 1971. Kiwanda cha matrela ya Killdeer kilifungwa zamani, na yaliyobaki barabarani yanahesabika. Mtu wa kawaida akiliona anaona yai la bati lenye magurudumu. Mwenye ugonjwa wa matrela haya akiliona anapunguza mwendo, anapiga honi, anakupungia kama mliwahi kulala chumba kimoja jeshini. Tulitoa panya ndani yake ndoo nzima. Nikabadilisha sakafu, yeye akashona mapazia ya rangi ya haradali. Siku tulipowasha jiko lake dogo likashika moto wa buluu, Verla alikaa kwenye benchi la trela, mikono magotini, akasema, "Orrin, tumepata pa kwenda bila kuondoka nyumbani." Sijamsikia akisema neno kama hilo kabla wala baada.

Kisha akatuandikisha kwenye chama. Wenye Killdeer wana chama chao, na chama kina mkutano mkuu kila Juni, na mkutano una kitabu cha kanuni. Kitabu kilikuja kwa posta. Akanisomea chote.

"Ukurasa wa saba," akasema. "'Wakati wa kuegesha, dereva atamtazama Mkuu wa Maegesho peke yake. Amri moja, mkono mmoja.' Na mimi nitafanya nini? Nipige makofi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Masika yote tulikuwa tumejifunza rivasi kwenye uwanja wa kanisa. Anayejua rivasi ya trela anajua. Ukikata kulia, trela linaenda kushoto, na ukitaka kulirekebisha linajikunja kama kisu. Verla alivaa glovu zake za jikoni, zile nene za kushikia masufuria. Nyeupe mkono wa kulia, maana yake lete. Nyekundu mkono wa kushoto, maana yake simama, hata kama hujui kwa nini.

"Kata kushoto," alikuwa akipaza sauti. "Kushoto, mzee. Mkono wa pete."

"Nimekata."

"Umekata wa kijiko."

Tuliponda ndoo tatu za kanisa. Mchungaji akasema angetuombea sisi na ndoo pia. Lakini kufika Mei nilikuwa naliingiza lile trela katikati ya mistari miwili ya chokaa bila kugusa hata mmoja, na sikuwa natazama kitu kingine ila glovu zile kwenye saitimira, kioo cha ubavuni. Nyeupe, nyeupe, nyeupe, nyekundu. Hapo hapo.

Siku ile Odell Springs tulipokewa langoni na mwenyekiti, Maxine Tietz, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuuzia ng'ombe mnadani. Alikuwa na orodha mkononi na unyoya wa manjano.

"Karibuni, vifaranga," akasema. Wageni wa mwaka wa kwanza wanaitwa hivyo. Akaufunga unyoya kwenye antena ya pikapu yangu. "Huu hautoki mpaka Jumapili. Ukiuvua unaosha vyombo vya watu wote."

Verla akacheka. Mimi nilikumbuka kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni, ila sikusema.

Sasa kuna jambo linaitwa sinema. Halimo kwenye kitabu cha kanuni lakini kila mtu analijua. Wageni hawaegeshi wanapofika. Wanawekwa foleni kando hadi saa tisa, na saa tisa wazee wa chama wanatoa viti, wanatoa maboksi ya barafu, wanakaa mstari mmoja ng'ambo ya njia, na kifaranga mmoja mmoja anapiga rivasi mbele yao. Akikunja trela wanapiga makofi. Akigonga koni wanapiga makofi zaidi. Hawana ubaya, kila mmoja wao alifanyiwa hivyo mwaka wake. Ndivyo wanavyosema, na ndivyo inavyosemwa juu ya kila kitu kibaya kinachoendelea.

Tulikuwa wa tatu. Wa kwanza alikuwa kijana na mchumba wake, wakaingia vizuri, watu wakasikitika. Wa pili alijaribu mara sita. Mara ya sita mkewe alishuka akatembea hadi kwenye vyoo, hakurudi mpaka yote yalipokwisha. Watu walifurahi sana na huyo.

Mkuu wa Maegesho aliitwa Gaylen Pruett. Alikuwa amestaafu usimamizi wa barabara za kaunti, na kizibao chake cha rangi ya chungwa alikuwa nacho bado. Miaka ishirini na mmoja alikuwa ameegesha matrela ya chama. Mtindo wake ulikuwa kusimama mbele ya gari, hatua kumi, mgongo wake kwa watazamaji na uso wake kwako, akikuongoza kwa mikono. Alisema dereva akitazama vioo anachanganyikiwa. Alisimama upande wangu wa kushoto kidogo, na kutoka pale aliweza kuona ubavu wa kushoto wa trela hadi mwisho. Ubavu wa kulia alikuwa anauona kwa imani.

Verla alishuka na glovu zake mkononi.

"Mama, kakae na wenzako," Gaylen akamwambia. "Kuna kiti pale karibu na Corliss."

"Mimi ndiye macho yake ya nyuma."

"Leo macho yake ni mimi. Ukurasa wa saba."

"Nimeusoma. Umeandikwa na mtu asiye na mke."

Mstari mzima ukaangua kicheko. Gaylen naye alicheka, sitamnyima hilo. "Nina mke, mama. Ndiyo maana niliuandika."

Wakacheka tena, safari hii upande wake. Verla akanigeukia mimi. Dirisha langu lilikuwa wazi, na alikuwa karibu kiasi cha kumgusa. Alisubiri niseme mimi. Ningesema, "Bwana Pruett, mimi bila mke wangu siendi nyuma," nani angenifanya nini? Wangeninyima chai?

Nikasema, "Verla, mwachie mwenye kazi yake. Tusianze na ugomvi."

Akaenda. Hakwenda kwenye kiti.

Nafasi yetu ilikuwa namba kumi na nne. Upande wa kulia, nyuma, palikuwa na bomba la maji, nguzo ya chuma inayonifika kiunoni, imezama ndani ya nyasi ambazo kaunti ilitakiwa kuzikata kabla ya mkutano na haikuzikata. Sikuiona. Gaylen asingeweza kuiona. Verla aliiona, kwa sababu alitembea kwa miguu, na mtu anayetembea kwa miguu huona yanayompita aliyekaa.

Nikaanza kurudi. Mikono ya Gaylen ilikuwa mizuri, polepole, wazi. Lete. Lete. Kulia kidogo. Lete. Nyuma yake nilikuwa nawaona wote, nyuso arobaini na moja, makopo mikononi. Nikaona baadhi wanatazama nyuma yangu upande wa kulia. Mmoja akanyoosha kidole. Buster Loomis, mchekeshaji ambaye kila chama kina wa kwake, akapaza sauti, "Shemeji, keki imeiva?" Kicheko kikaruka mstari mzima.

Hapo nikajua Verla amevaa glovu.

Nikatazama saitimira ya kulia. Glovu nyekundu ilikuwa juu, imesimama wima, na mwili wake nusu umefichwa na kona ya trela. Alikuwa amesimama kati ya trela na bomba. Mdomo wake ulikuwa wazi, lakini injini yangu ni ya dizeli na watu walikuwa bado wanacheka. Miezi minne mguu wangu ulikuwa umefundishwa kitu kimoja juu ya rangi ile. Mguu ukatoka kwenye mafuta, ukataka kwenda kwenye breki, nami nikauzuia. Nilisema moyoni, amri moja, mkono mmoja. Nilisema, wasije wakasema kifaranga anaongozwa na glovu ya jikoni.

Ni sekunde mbili. Labda mbili na nusu. Kisha nikasikia mgongano, mdogo, kama mtu ameweka gunia chini. Nikamtazama Gaylen, na mikono yake yote miwili ilikuwa kichwani.

Kabla sijageukia kioo, mkono wake ulikuwa unasema lete. Baada ya kioo, mikono ilikuwa kichwani. Katikati hapo ulisema nini, mimi sijui. Kama uliendelea kusema lete, basi mimi nilikuwa namtii mkubwa wa kazi na mkubwa wa kazi alinipeleka juu ya mke wangu. Kama ulisema simama, nilisimamishwa na watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, nikaenda.

Hilo ndilo jambo langu. Sina jingine.

Nguzo ilimvunja nyonga na mfupa wa paja. Askari wa kaunti alikuja, akaandika kwamba ni ajali kwenye eneo la watu binafsi, akaondoka. Gari la wagonjwa lilipita kwenye nyasi zile zile. Maxine Tietz alipanda nalo akamshika Verla mkono hadi hospitali, na kwa hilo namshukuru. Gaylen hakuja.

Walimfanyia upasuaji usiku ule. Siku ya nne alikuwa anakaa. Siku ya sita alianza kulalamikia uji wao, nikajua anapona.

"Mpishi wao ni nani?" akauliza.

"Sijui. Kijana mmoja."

"Mwambie chumvi si dhambi."

Kisha akawa ananyoosha shuka kwa kiganja, ananyoosha mahali palipokwisha nyooka.

"Orrin. Uliniona?"

Nilijua anauliza nini. Nikamwambia, "Hapana. Nilikuwa namtazama Gaylen, kama kanuni inavyosema."

"Vizuri," akasema. Akafumba macho. "Maana ungeniona ungesimama."

Nikasema ndiyo.

Jumatatu, tarehe 30 Juni, damu iliyoganda mguuni ikapanda hadi kwenye mapafu. Nilikuwa nimeshuka kununua gazeti ambalo hata silisomi, nilimnunulia yeye. Nilipotoka kwenye lifti, mlango wake ulikuwa umefungwa na muuguzi amesimama mbele yake.

Barua ya chama ilifika Agosti. Hapakuwa na wa kunisomea, nikaisoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno, asubuhi nzima. Ilisema kamati ya watu watano imekaa. Ilisema Mkuu wa Maegesho alitoa ishara ya kusimama kwa wakati unaofaa. Ilisema dereva, kwa kutazama kioo kinyume cha ukurasa wa saba, hakuiona. Ilisema kamati haimlaumu mtu yeyote. Ndani ya bahasha walitia namba yetu ya uanachama, 2306, ya kubandika kwenye pua ya trela, na ukurasa mpya wa saba wa kuchomeka kitabuni. Umeongezwa mstari: mwenzi wa dereva atabaki ndani ya gari.

Kati ya wale watano wa kamati, mmoja ni Gaylen. Mwingine ni shemeji yake.

Nikampigia Maxine simu.

"Maxine, nani aliona mkono ukisimamisha?"

"Orrin, kamati iliwahoji watu."

"Watu gani?"

"Gaylen mwenyewe. Na wengine."

"Wengine gani?"

"Ndugu yangu, usijitese. Verla asingependa ujitese."

"Verla asingependa kuvunjwa nyonga pia."

Akasema ana wageni.

Kila mwanachama anapewa kitabu cha anwani, ili ukiharibikiwa barabarani umpigie aliye karibu. Nilikichukua nikaanza A. Ilinichukua hadi Februari. Wengi nilizungumza nao kwa simu, wachache niliwaendea hadi milangoni. Walinikaribisha vizuri. Walinipa kahawa na pai. Wa kwanza akaniambia alikuwa ameinama kwenye boksi la barafu. Wa pili, jua lilikuwa machoni. Mwingine alikuwa anamwambia mwenzake neno sikioni. Mwingine alikuwa anamfunga mbwa. Mama mmoja wa Wichita aliniambia kwamba alikuwa anafuma na uzi ulimtoka kwenye sindano sekunde ile. Buster Loomis hakuweza kusema. Alilia kwenye simu mpaka nikamwonea huruma, nikakata mimi.

Watu arobaini na mmoja walileta viti kutoka majimbo sita kuja kutazama, na wote waligeuza shingo kwa wakati mmoja. Ningekuwa mtu wa dini ningeuita muujiza.

Mwanangu Dennis, anayeishi Omaha, aliniambia niliuze trela. "Baba, kila ukilitazama unalitazama lile bomba." Nikamwambia mama yake alishona yale mapazia. Akasema atayachukua mapazia, trela niliuze. Hakuelewa, na mimi sikuweza kumweleza. Trela bila ya wenye Killdeer wenzako ni yai la bati tu. Na wenye Killdeer wenzangu ni hao hao.

Juni ya mwaka uliofuata nikalifunga kwenye pikapu, nikaenda Odell Springs. Nilikuwa nimebandika namba 2306 puani, imekaa upande, wa kubandika alikuwa Verla. Langoni Maxine alinikumbatia kupitia dirishani. Hakukuwa na unyoya. Mwaka wa pili si kifaranga tena. Unaegeshwa saa yoyote, na hakuna anayetoa kiti.

Gaylen Pruett alikuwa pale, na kizibao kile kile. Walikuwa wamemchagua tena kwa kura za mikono. Alinikaribia, akavua kofia.

"Orrin."

"Gaylen."

"Nikimwita Buster akuegeshe badala yangu, utaona vibaya?"

"Wewe ndiye mwenye kazi yako," nikamwambia. "Niegeshe."

Akaenda kusimama mbele, hatua kumi. Nikatia rivasi. Safari hii nilimtazama yeye peke yake, kama kanuni inavyosema, sikutupa jicho kwenye kioo hata mara moja. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Lete, akasema, kisha akausimamisha mkono, kisha akasema lete tena, kama mtu anayeita kuku na kuwafukuza. Alinisimamisha mara tisa kwenye nafasi ambayo mtoto angeingia kwa mara moja. Tulipomaliza alikuwa amelowa jasho hadi mgongoni, akaondoka bila kurudisha filimbi yake mfukoni, ikawa inaning'inia.

Nilifikiri nitafurahi. Sikufurahi. Mtu anatetemeka kwa kuwa alikosea, na mtu anatetemeka kwa kuwa hakukosea na hakuna anayemwamini. Mikono haisemi.

Jumamosi asubuhi, baada ya chapati za maji na soseji, ukafanyika mkutano wa wanachama ndani ya banda la ng'ombe la viwanja vile. Wakasoma hesabu. Wakapiga kura kuhusu rangi ya fulana. Maxine akauliza kama kuna mengineyo, nikasimama.

"Naitwa Orrin Stuckey, namba 2306," nikasema. Sauti yangu kwenye banda lisilo na ng'ombe ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka. "Mwaka jana mlikuwa mmekaa pale nje, mnaniangalia. Barua yenu inasema mkono ulisema simama. Simwiti mtu mwongo. Naomba mtu mmoja tu, aliyeuona kwa macho yake, asimame aniambie hivyo mbele yangu. Au aliyeuona ukisema lete, asimame aseme hivyo. Nikipata mmoja nitakaa, sitauliza tena maisha yangu yote."

Gaylen alikuwa amekaa mstari wa mbele, anatazama kofia yake.

Kwenye mstari wa nne akasimama Corliss Amdahl. Ni yule ambaye kiti cha Verla kilikuwa kando yake. Mama mfupi, mwalimu mstaafu, mtu asiye na porojo. Nilipompigia simu wakati wa baridi aliniambia anaumwa koo, akakata. Akasimama, mkono kwenye mgongo wa kiti cha mbele, akafungua mdomo. Mumewe Harlow, bila hata kumtazama, akamshika ukosi wa blauzi kwa vidole viwili, akamvuta chini. Akakaa.

"Tunamshukuru ndugu Orrin," Maxine akasema, "na sote tunaungana naye katika msiba. Kama hakuna mengine, wenye picha ya pamoja tukutane kwenye bendera."

Wakatoka. Picha ile ninayo, waliniletea. Mimi simo.

Nilimfuata Corliss kwenye trela lake baada ya chakula cha mchana, Harlow alipokwenda kucheza mchezo wa kurusha viatu vya farasi na wenzake. Alikuwa nje anaosha vikombe kwenye beseni juu ya meza ya kukunja. Aliniona ninakuja akaendelea kuosha.

"Nilijua utakuja," akasema.

"Uliona."

"Niliona."

Nikashika meza. Mwaka mzima nilikuwa nimelitafuta neno hilo, na sasa lilikuwa limesemwa na mtu anayeosha vikombe.

"Kwa nini hukuniambia kwenye simu?"

"Kwa sababu hukuniuliza kama anayetaka kujua. Uliniuliza kama anayetaka kupewa." Akafuta mikono kwenye aproni. "Na Harlow anasema tutafukuzwa chamani, nami sina umri wa kutafuta marafiki wapya. Hiyo ndiyo sababu mbaya. Nakupa zote mbili."

"Sitamtajia mtu yeyote jina lako."

"Si hilo, Orrin."

"Basi nini? Ulisema lete au ulisema simama? Ni neno moja, mama. Uliwafundisha watoto miaka mingapi? Walipokuuliza uliwajibu."

Hapo akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. Alikuwa na macho ya mtu aliyelala vibaya muda mrefu, na nikaona kwamba mwaka wake haukuwa tofauti sana na wangu.

"Nilimtazama Gaylen," akasema, "na nilikutazama wewe pia. Ulikuwa umegeukia kioo. Uliiona glovu yake. Niliona uso wako ulivyoiona."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Si Dennis, si mchungaji, si kamati. Verla mwenyewe nilimwambia hapana. Corliss alichukua kikombe kimoja akakigeuza chini ili kitone maji, kisha akakigeuza kingine.

"Nikikuambia mkono ulisema simama, utakwenda nalo hilo nyumbani peke yako kwenye trela lile," akasema. "Nikikuambia ulisema lete, utamchinja Gaylen kwenye mkutano wa mwaka ujao, na nyumbani bado utakuwa uliiona glovu. Nitakujibu, Orrin. Nakuapia kwa mama yangu nitakujibu, leo, au siku yoyote utakayonipigia. Lakini nijibu kwanza wewe: ukilala, unaomba mkono ule uwe ulisema nini?"